Je, kweli kijiji cha Uskoti kiliwahi kuwa bingwa wa dunia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anasoma Glasgow, na juzi amenitumia picha ya kikombe alichokiona kwenye makumbusho ya soka pale Hampden. Anasema ni kikombe cha "mabingwa wa dunia" wa mwaka 1888, na walioshinda ni timu ya kijiji kinachoitwa Renton. Mimi ninachojua Kombe la Dunia lilianza 1930 kule Uruguay. Hii ni kweli au ni majigambo ya Waskoti? Na kama ni kweli, mbona hiyo timu siioni kwenye ligi yoyote? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na ni majigambo pia. Ngoja nikueleze vyote viwili, halafu nije kwenye swali lako la pili, maana ndilo lenye uzito.

Jumamosi ya tarehe 19 Mei 1888, Renton, waliokuwa wameshika Kombe la Uskoti, walikutana jijini Glasgow na West Bromwich Albion, waliokuwa wameshika Kombe la FA la England baada ya kuwafunga Preston North End 2-1 kwenye fainali. Mechi ilitangazwa kuwa ya ubingwa wa Uingereza na wa dunia. Siku hiyo mvua ilinyesha ya radi, uwanja ukawa chepechepe. Renton wakashinda 4-1. Waliporudi kijijini wakabandika ubao kwenye kibanda cha uwanja wao, Tontine Park, wenye maandishi makubwa: Mabingwa wa Dunia.

Nani aliwapa cheo hicho? Walijipa. FIFA ilikuja kuzaliwa 1904. Lakini kabla hujacheka, jiulize nani mwingine angeweza kudai. Mwaka 1888 soka la vilabu lenye mashindano ya kueleweka lilikuwa karibu jambo la kisiwa kimoja tu. Hata ligi haikuwapo bado. Ya England, ambayo ndiyo ya kwanza duniani, ilianza Septemba mwaka huo huo. Kombe ndilo lilikuwa kipimo pekee. Bingwa wa kombe la huku akimfunga bingwa wa kombe la kule, juu yao hapakuwa na mtu.

Mwenye kubisha atakwambia Preston ndio waliokuwa bora kuliko wote England, na kwamba West Brom waliwafunga kwa bahati. Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Msimu wa 1886/87 vilabu vya Uskoti bado viliruhusiwa kuingia Kombe la FA, na Renton waliwatoa Blackburn Rovers, timu iliyokuwa imelichukua kombe hilo mara tatu mfululizo, kisha wakatolewa na hao hao Preston. Kwa hiyo mizani haikuwa upande mmoja. Ila timu ya kijiji kumtupa nje bingwa mtetezi wa England si jambo la kubahatisha. Na Februari 1888, kwenye fainali ya Uskoti, waliwachabanga Cambuslang 6-1. Hadi leo hakuna aliyeshinda fainali ya kombe hilo kwa tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Celtic waliifikia 1972, hawakuipita.

Sasa, kijiji chenyewe. Renton kipo kwenye bonde la mto Leven, mto mfupi unaotoka ziwa Loch Lomond na kuingia mto Clyde pale Dumbarton. Maji ya ziwa lile ni laini na safi, na kwa sababu hiyo bonde likajaa viwanda vya kupausha, kutia rangi na kuchapa vitambaa. Bidhaa iliyowapa jina ilikuwa kitambaa chekundu, nyekundu iliyokolea isiyochuja hata ukikifua mwaka mzima, kilichosafirishwa kwa wingi kwenda India. Karibu kila kaya ilikuwa na mtu kiwandani. Wanaume walitoka zamu kwa wakati mmoja, wakaishi mtaa mmoja, wakanywea baa moja. Kabla ya soka walikuwa na mchezo wao wa magongo, ule wa Waskoti wa nyanda za juu, unaotaka mbio, bega gumu na jicho la kumwona mwenzako. Mwaka 1872 vijana wa klabu ya Queen's Park ya Glasgow walikwenda bondeni kuonyesha mchezo mpya wa mpira wa miguu. Mwaka huo huo Renton ikaanzishwa.

Ukitaka kuelewa uajabu wa bonde lile, shika hili: kwenye eneo ambalo unalimaliza kwa miguu asubuhi moja, zilitoka timu tatu zilizobeba Kombe la Uskoti. Vale of Leven, majirani wa Renton, walilichukua 1877, 1878 na 1879. Dumbarton 1883. Renton 1885, tena kwa kuwafunga hao hao Vale of Leven katika fainali iliyorudiwa, kisha 1888. Jiji zima la Glasgow, lenye watu zaidi ya nusu milioni, lilikuwa likisumbuliwa na vijiji vya watia rangi.

Watu walitafuta siri. Wengine walidai ni chakula. Renton walikuwa na kinywaji chao cha mazoezi walichokiita kwa Kiskoti "chicken bree", yaani mchuzi wa kuku. Usidanganyike na jina, kuku hakuwamo: yalikuwa mayai mabichi yaliyopigwa ndani ya mvinyo mtamu wa port. Labda walihesabu kuku ambaye hajaanguliwa. Timu nyingine zikaanza kuulizia mapishi, kama ilivyo desturi ya mpira tangu zamani, mtu akifungwa anatafuta mganga wa mwenzake.

Mimi nadhani siri ilikuwa miguuni. England mtindo uliozoeleka tangu mwanzo ulikuwa mchezaji kuchukua mpira na kukimbia nao huku amejiinamia, akipiga chenga hadi anyang'anywe. Waskoti walipasiana. Renton walifanya hivyo vizuri kuliko wengi, na katikati walikuwa na sentahafu aitwaye James Kelly, ambaye hakukaa nyuma kulinda tu. Alipokea, akainua kichwa, akagawa mpira kwa mawinga, akarudi kukaba. Leo tunamwita kiungo mchezeshaji na tunamlipa mabilioni. Pembeni yake walikuwa Bob Kelso na Donald McKechnie, na wale watatu walikuwa wanajuana kama vidole vya mkono mmoja. Kati ya 1886 na 1889 Renton walichukua Kombe la Hisani la Glasgow mara nne mfululizo, mbele ya vilabu vya jiji.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoanza, na linaanza mapema kuliko unavyodhani. Hesabu siku tisa tu baada ya ubingwa wa dunia. Tarehe 28 Mei 1888, mashariki ya Glasgow, klabu mpya ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland ilicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Rangers ikashinda 5-2. Klabu hiyo ni Celtic. Aliyefunga goli la kwanza kabisa katika historia yake ni Neil McCallum, winga wa Renton. Sentahafu wake ni James Kelly, wa Renton. Rangi ya ubao wa Tontine Park pengine ilikuwa haijakauka.

Kwa sheria za chama cha soka cha Uskoti, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kulipwa. Lilikuwa soka la ridhaa, kwenye karatasi. Lakini kila mtu alijua kwamba zipo njia: kazi isiyo na kazi, bahasha mkononi, au baa. Kelly, kijana wa bonde la watia rangi, haikupita miaka mingi akawa mwenye baa. Akawa nahodha wa kwanza wa Celtic, baadaye mwenyekiti wa klabu. Mwanawe, Robert Kelly, naye alikuja kuwa mwenyekiti, na ndiye aliyekuwa kwenye kiti hicho Celtic ilipobeba Kombe la Ulaya kule Lisbon mwaka 1967. Shabiki wa Celtic akikusimulia Lisbon, muulize kama anajua Renton iko wapi.

Walioondoka hawakuishia Glasgow. England ilikuwa imehalalisha malipo tangu 1885, na mawakala wake walikuwa wakipanda treni kwenda Uskoti kama wanunuzi wa pamba msimu wa mavuno. Andrew Hannah, beki wa Renton, alikwenda Everton akawa nahodha wa timu iliyochukua ubingwa wa ligi 1891, kisha akavuka upande wa pili akawa nahodha wa kwanza wa Liverpool. Kelso akapitia Preston na Everton. Mshambuliaji John Campbell akaenda Sunderland, ile timu iliyojaa Waskoti, akachukua ubingwa wa England mara tatu, 1892, 1893 na 1895, na kila mara akiwa mfungaji bora wa ligi. Kijiji kimoja, mwanangu. Chukua orodha ya mabingwa wa England wa miaka ile, utakuta mkono wa watia rangi wa Leven kila mahali.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo kila nikiisoma huwa natikisa kichwa. Mwanzoni mwa 1890 kulikuwa na kilio kwamba mechi za kirafiki hazitabiriki: timu inapanga mechi, mgeni hatokei, watazamaji wamelipa viingilio wanageuka kurudi nyumbani. England walikuwa na ligi yao yenye ratiba, na fedha zinaingia. Basi mtu mmoja wa Uskoti akaandika barua kuvialika vilabu 14 vikutane Glasgow tarehe 20 Machi 1890 kuzungumzia ligi. Mtu huyo alikuwa Peter Fairly, katibu wa Renton.

Queen's Park walikataa kuhudhuria. Hofu yao ilikuwa kwamba ligi italeta fedha, fedha italeta soka la kulipwa, na soka la kulipwa litavimeza vilabu vidogo. Walionekana wazee wenye wivu. Ligi ikaanza na timu 11, Renton ikiwa moja wapo.

Siku ya ufunguzi, tarehe 16 Agosti 1890, ratiba ikawapeleka Renton kwa Celtic. Fikiria Kelly anaingia uwanjani amevaa jezi ya wenyeji, na mbele yake ni kijiji chake. Renton wakashinda 4-1, ugenini. Matokeo hayo hutayakuta kwenye msimamo wowote wa ligi, kwa sababu yalifutwa.

Yalifutwa hivi. Klabu ya St Bernard's ya Edinburgh ilifungiwa na chama cha soka kwa kosa la kumlipa mchezaji. Wakiwa kifungoni wakajipa jina jipya, Edinburgh Saints, na kutafuta mechi za kirafiki. Renton wakacheza nao. Chama kikaona hapa tunafanywa watoto: jina jipya, sura zile zile. Adhabu ikawa kubwa mno. Renton, baada ya michezo mitano tu ya ligi ambayo katibu wao ndiye aliyeiitisha, walifukuzwa kwenye chama, na kwa hiyo kwenye ligi, na matokeo yao yote yakafutwa. Msimu uliendelea na timu 10. Dumbarton na Rangers wakamaliza na pointi 29 kila mmoja, wakacheza mechi ya kuamua ikaisha 2-2, wakagawana ubingwa.

Je, Renton walikuwa na hatia? Walijua wanacheza na nani, hilo sina shaka nalo. Lakini vilabu vingi vikubwa vya Uskoti vilikuwa vinalipa kwa kificho, na waliokaa kwenye meza ya hukumu walilijua hilo. Kilichoadhibiwa pale ni kukosa mtetezi. Renton hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani Edinburgh dhidi ya chama cha soka, wakashinda, na msimu wa 1891/92 wakarudi kwenye ligi. Klabu ya kijiji kukishtaki chama cha taifa na kushinda, miaka ile, ni jambo ambalo mimi naliweka karibu sawa na ule ushindi wa West Brom.

Ila mwaka mmoja nje ulikuwa umewakausha. Huna mechi, huna kiingilio. Huna kiingilio, huna cha kumzuilia mchezaji asipande treni. Majirani zao Vale of Leven walikuwa na hali mbaya zaidi: msimu ule wa 1891/92 walicheza mechi 22 za ligi bila kushinda hata moja, wakajiondoa. Mwaka 1893 chama kikakubali yaishe, kikaruhusu malipo hadharani. Kiongozi mmoja wa Celtic, John McLaughlin, alisema kuzuia soka la kulipwa ni sawa na kujaribu kuzuia maporomoko ya Niagara kwa kiti cha jikoni. Alikuwa sahihi. Ila ni rahisi kuyasifia maporomoko ukiwa umekaa upande ambao maji yanakujia.

Msimu wa kwanza wa malipo halali, 1893/94, Renton walicheza mechi 18 za ligi, wakashinda moja, sare mbili, wakapoteza 15. Wakamaliza mkiani na kushuka daraja. Miaka sita tu toka ule ubao ubandikwe.

Halafu, kama mgonjwa anayeamka siku moja akaomba chai na mkate, wakafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Msimu wa 1894/95, wakiwa daraja la pili, huku upande wa ligi mambo yamevurugika hadi kuna mechi moja dhidi ya Dundee Wanderers hawakutokea kabisa na pointi zikapewa wapinzani, walipenya kwenye Kombe la Uskoti raundi baada ya raundi hadi fainali. Aprili 1895, uwanja wa Ibrox. Na unajua mpinzani wao alikuwa nani? St Bernard's ya Edinburgh. Wale wale wa jina la bandia, ambao kucheza nao mara moja kuliwagharimu Renton mwaka mzima. St Bernard's wakashinda 2-1, wakabeba kombe lao la kwanza na la mwisho.

Mwaka 1897, msimu mpya ukiwa ndio kwanza umeanza, Renton waliachia nafasi yao kwenye ligi, Hamilton Academical wakaichukua. Waliendelea kucheza soka la ngazi za chini; mwaka 1907 walifurukuta tena wakafika robo fainali ya kombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 klabu ikafungwa. Tontine Park ikajengwa nyumba za watu.

Kwa hiyo jibu la "mbona haipo" si rushwa, wala si uongozi mbovu, wala laana. Timu ile ilitengenezwa na kuishi pamoja: kiwanda kimoja, mto mmoja, watu waliocheza pamoja tangu wakiwa na magongo mikononi. Soka lilipoanza kununuliwa kwa kiingilio cha mlangoni, kijiji cha watu elfu chache hakikuwa na mlango wa kutosha. Kati ya timu 11 zilizoanza ile ligi, leo zimebaki tano tu: Celtic, Rangers, Hearts, St Mirren na Dumbarton. Wapo wanaomlaumu Fairly kwa barua yake. Mimi simlaumu. Angekaa kimya, mwingine angeandika, na Kelly alikuwa ameshaondoka.

Mwambie kaka yako hivi. Akiwa Glasgow apande treni ya kwenda Balloch. Renton ina kituo chake, muda mfupi baada ya Dumbarton. Atakuta nguzo ndefu ya mawe ya kumkumbuka mwandishi Tobias Smollett, aliyezaliwa hapo Dalquhurn. Tontine Park asiihangaikie, haipo.

Lakini uwanja walipowafunga West Brom upo. Watu wengi wanaposikia Hampden wanafikiri ni hii ya sasa yenye makumbusho. Hapana. Mechi ile ilichezwa Hampden ya pili, jirani tu na hapo, ambayo Queen's Park waliiacha 1903 na klabu nyingine, Third Lanark, ikaichukua na kuiita Cathkin Park. Third Lanark nao wakafilisika 1967. Uwanja ukabaki bustani ya umma. Kaka yako atembee dakika chache kutoka kwenye kabati la vioo la makumbusho lenye kile kikombe, ataona miti imeota katikati ya ngazi za zege walipokuwa wakisimama mashabiki, vyuma vya kuegemea bado vimesimama kati ya mashina, na chini kuna nyasi na magoli mawili. Jumapili huwa kuna watoto wanacheza.